Mabeseni Saba ya Mchanga

Zuhura alinipigia simu nikiwa nachambua mchele barazani kwangu, hapa Masasi. Hatukuwahi kuonana, lakini jina lake nililijua, kwa kuwa miaka hii ya mwisho yeye ndiye aliyekuwa akimshikia Mama Hamisi simu siku za Idi ili tusalimiane. Alisema, "Shikamoo mama. Mimi Zuhura wa Newala." Nikaitikia marahaba, na kwa jinsi alivyovuta pumzi kabla ya kuendelea nikajua Mama Hamisi hatunaye tena. Nilimwaga mchele wote chunguni bila kumaliza kuuchambua, nikafunga nyumba, nikaenda stendi. Nilikaa kwa Mama Hamisi mwaka mmoja tu, nikiwa mwalimu mpya wa baiolojia, na sehemu kubwa ya mwaka huo niliitumia kushughulika na mikojo ya paka. Wanangu nikiwasimulia hucheka. Mimi mwenyewe hucheka nao mpaka nifike mahali fulani katika habari hii, kisha huwaambia nimechoka, na mpaka leo hakuna aliyeisikia yote.

Nilifika Newala mwezi wa mvua, na ukungu ulikuwa umeifunika barabara hata sikuona kwamba mji umekaa ukingoni mwa mlima. Mwalimu mkuu alinipeleka mwenyewe kwa Mama Hamisi, akaniambia njiani kwamba ni mama mstaarabu, anaishi peke yake, ana chumba kizuri, na ana paka. Alilitamka neno la mwisho kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja deni. Tulipoingia sebuleni harufu ilinipiga usoni. Mama Hamisi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa uani, mwanamke wa miaka kama arobaini na mitano, mrefu, amejifunga kanga mbili juu ya gauni ingawa hakukuwa na baridi kiasi hicho. Hakuinuka. Alinyoosha mkono akanipokea akiwa ameketi, akasema, "Karibu mwanangu. Hawa paka wangu hawana adabu, utanisamehe." Kisha akamtuma mwalimu mkuu, mtu mzima na suti yake, akaniwashie taa ya chumbani. Nilimpenda papo hapo. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, meza, dirisha la kutazama mkorosho, na kwenye kona ya mkeka doa lililokuwa bado bichi.

Paka walikuwa sita. Sajenti, dume kubwa lenye sikio lililochanika, ndiye aliyejiona mwenye nyumba. Chausiku alikuwa jike jeusi, na Kidoti mtoto wake. Walikuwapo mapacha wawili wa rangi ya majivu ambao mimi sikuweza kuwatofautisha, na ajuza mmoja asiye na meno aliyeitwa Bibi. Mchana walitembea walikotaka, lakini jua likianza kuinama wote walifungiwa ndani, maana jirani mmoja alikuwa akitega sumu kwa ajili ya vicheche waliokula kuku wake, na paka wawili wa Mama Hamisi walikuwa wamekufa kwayo mwaka uliotangulia. Mvua zikinyesha walishinda ndani kutwa. Kwa paka sita waliofungiwa hivyo palikuwa na karai moja la majivu, chini ya meza ya jikoni, kando ya bakuli lao la chakula. Siku ya kwanza sikuona kosa lolote katika mpango huo. Nilichoona ni kwamba walienda haja kila mahali isipokuwa humo karaini: nyuma ya pipa la unga, juu ya gunia la makopa ya muhogo, kwenye viatu vyangu vya kazini, na mara moja juu ya madaftari arobaini ya kidato cha pili niliyokuwa nimemaliza kuyasahihisha. Niliyaanika uani juu ya mawe, wanafunzi wakapita barabarani wakayaona.

Newala hapo zamani, na hata leo, maji ni jambo la kufikiria kabla ya kuyatumia. Tulivuna ya mvua kutoka kwenye bati, na kiangazi tulingoja madumu ya maji yaliyopandishwa kutoka bondeni. Kwa hiyo kusafisha mkojo wa paka kwa maji mengi hakukuwezekana, na nilishangaa kuona kwamba katika nyumba hiyo ya watu wawili maji yaliisha upesi kuliko kwa majirani wenye watoto wanane. Niliwahi kumwambia, kwa lugha ya mwalimu kijana anayedhani kila kitu ni somo, "Mama, tukipanga matumizi yetu vizuri, pipa hili lingetufikisha Ijumaa." Alinitazama, akasema, "Utapanga wewe, mwalimu, mimi nimeshindwa." Yeye mwenyewe alikunywa maji kidogo sana. Tukila ugali wa muhogo na kisamvu, mimi nilishushia vikombe viwili, yeye alilowesha midomo tu. Nilidhani anayabania.

Tulijaribu kila tulichoambiwa. Fundi cherehani wa jirani alisema tuwasugue pua kwenye mkojo wao, na tulipomfanyia hivyo Kidoti akajificha darini siku mbili, akarudi akakojoa kitandani kwangu. Mama mmoja sokoni, muuza ming'oko, ile mizizi ya porini, alisema tunyunyize pilipili pembeni, tukapiga chafya sisi. Mimi nilileta mafuta ya taa. Nilipangusa nayo kila kona, na paka wakaziacha kona hizo, wakahamia katikati ya sebule. Mwishowe nilikwenda kwa bwana mifugo. Alikuwa mtu mpole, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza nina ng'ombe wangapi. Nikasema sina. Akaniuliza mbuzi. Nikasema, bwana, nimekuja kwa ajili ya paka. Akakuna kidevu, akasema, "Mwalimu, mimi paka sikusomea. Lakini mnyama asiyekwenda unakotaka aende, tazama kwanza kwa nini hapapendi. Hata ng'ombe ni hivyo." Nilitoka nimekasirika, na nilikuwa nimefika nusu ya njia nilipotambua kwamba amenipa jibu.

Nilianza kutazama. Nilichukua daftari, nikachora mistari, nikaandika jina la kila paka, mahali alipokwenda haja na kilichokuwa kinaendelea karibu naye. Mama Hamisi alicheka. Alisema hajawahi kuona paka wakiitiwa mahudhurio. Lakini baada ya majuma mawili daftari lilisema wazi. Sajenti alilala kwenye mlango wa jikoni kwa makusudi, na mapacha hawakuthubutu kumpita kwenda karaini. Bibi alikuwa na maumivu ya miguu, ukingo wa karai ulikuwa mrefu mno kwake. Chausiku alikwenda mara moja asubuhi, karai likiwa safi, na hakurudi tena likishachafuka. Kidoti hakupenda majivu kabisa, alifukua udongo wa chungu cha maua. Na hakuna hata mmoja aliyefurahia kwenda haja pale alipokula, jambo ambalo hata mimi ningelikataa. Walikuwa na sababu zao wote sita. Sisi ndio tuliokuwa hatuna adabu.

Basi nikatafuta mabeseni. Yalikuwa ya plastiki, yaliyopasuka, yasiyofaa tena kwa maji, na wanawake wa mtaani walinipa huku wakitazamana. Nilitaka saba, moja kwa kila paka na moja la akiba. Nilichota mchanga mwekundu, nikauchekecha kwa ungo mbovu mpaka ukawa laini, nikaujaza kila beseni kina cha vidole vinne. La Bibi nilikata ukingo wake kwa kisu cha moto. Nilitawanya mabeseni nyumba nzima, mawili sebuleni, moja ukumbini, moja chumbani kwangu, mawili ghalani, na moja tu jikoni, mbali na chakula, ili Sajenti asiweze kuyalinda yote. Kila asubuhi kabla ya shule na kila jioni nilitoa uchafu kwa upawa wa zamani na kuuzika chini ya mkorosho. Madoa ya zamani niliyasugua kwa ndimu na maji ya magadi, kidogo kidogo, bila mafuta ya taa. Siku ya kwanza Kidoti aliingia beseni la ukumbini, akafukua, akachutama, akanitazama usoni kana kwamba ni mimi niliyekuwa nasumbua nyumba. Siku ya nne mapacha. Mwisho wa mwezi safu ya "mahali pengine" katika daftari langu ilikuwa tupu kwa paka wote, isipokuwa Sajenti, ambaye alisimama wima na kurushia mkojo mlango wa mbele kila Jumapili, na huyo nilimsamehe kwa kuwa alikuwa anaandika jina lake tu.

Nilijivuna. Nilimwonyesha Mama Hamisi daftari. Aligeuza kurasa polepole, ingawa kusoma hakujua sana, akasema, "Umeweza, mwanangu." Hakutabasamu. Nilidhani amechoka.

Harufu haikuondoka. Ilipungua chumbani, jikoni na ghalani, lakini sebuleni ilibaki, na kwa kuwa nyingine zilikuwa zimekwisha, hii ilijitokeza peke yake, nzito. Nilichunguza. Nilinyanyua mkeka, nikapima kila ukuta kwa pua. Ilikuwa upande wa mlango wa uani. Nilihesabu paka, nikahesabu mabeseni, nikarudia. Hata sasa nashangaa jinsi nilivyokuwa hodari wa kutazama wanyama sita na kipofu kwa mtu mmoja niliyekula naye kila siku. Nilikuja kujua siku niliyopata homa shuleni nikaruhusiwa kurudi saa tano. Nilipita nyuma kwa sababu mlango wa mbele ulikuwa umefungwa, na nikamkuta Mama Hamisi uani, ameinamia karai, anafua vipande vya kanga kuukuu, vingi, vimekatwa sawasawa kama nepi. Vingine kama kumi vilikuwa vimeanikwa ndani ya ua wa makuti mahali ambapo mtu wa nje hawezi kuona. Gauni lake lilikuwa limelowa nyuma, kuanzia kiunoni mpaka chini. Aligeuka. Nilisema, "Nina homa, mama," nikaingia chumbani, nikalala nikitazama ukuta. Dakika chache baadaye aliniletea uji wenye ndimu. Alikuwa amebadilisha nguo. Alinishika paji la uso, akasema ni malaria, kesho nikapime.

Zahanati nilikwenda kweli kesho yake, na baada ya kupimwa nilimuuliza muuguzi, mama wa makamo aliyewahi kufanya kazi hospitali ya Lulindi, kuhusu mwanamke anayetokwa na mkojo bila kujizuia. Nilisema ni ndugu yangu. Hakuniuliza ndugu gani. Aliniambia mara nyingi hutokana na uchungu wa kuzaa uliochukua siku nyingi, njia inatoboka ndani, na mkojo haukai. Alisema kuna madaktari wanaoziba, ila mgonjwa lazima asafirishwe hospitali kubwa, mbali. "Wengi hawaji," alisema. "Mume hukimbia, mtoto huwa amekufa, mama hubaki amejifungia ndani." Nikarudi nikiwa na maneno hayo yote kichwani, na njia nzima nikawa natafuta namna ya kuyasema. Wakati huo ndipo niliposhangaa kwa mara ya kwanza kwamba katika nyumba ya Mama Hamisi sikuwahi kumwona Hamisi, wala picha yake, wala kusikia anaishi mji gani.

Nilingoja siku tatu. Tulikuwa tunakula mbaazi. Nilisema, "Mama, nina ndugu yangu kule nyumbani, ana shida ya mkojo. Muuguzi ameniambia inatibika."

Alimega tonge, akalikanda muda mrefu. "Ndugu yako anaitwa nani?"

"Rehema," nikasema. Ndilo jina la kwanza lililonijia.

"Rehema ana watoto?"

"Alimzaa mmoja. Alifariki."

"Aliishi siku ngapi?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikasema sijui.

"Yawezekana ni siku mbili," alisema Mama Hamisi. "Siku mbili mtoto anakuwa ameshapewa jina." Alikula lile tonge, akameza. "Na hiyo hospitali iko mbali?"

"Ni safari ya basi, mama. Kutwa nzima, labda na kulala njiani."

"Sasa niambie, mwalimu, umesoma. Rehema akipanda basi, atakaa wapi? Kwenye kiti cha watu? Wakisimama kuchimba dawa, akashuka amelowa, atapanda tena? Kondakta atamwambiaje?"

Nilitazama sahani. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina cheti cha ualimu.

"Basi mwambie akae kwake," alisema. "Mwambie amezoea."

Niliporudi kutoka shuleni siku iliyofuata nilikuta mabeseni matano yameondolewa. Mama Hamisi alikuwa amemwaga mchanga nje, akayaosha kwa maji yetu ya thamani, akayapanga uani juu ya mabati. Yalibaki mawili. Nilisimama mlangoni nikiwa na mkoba begani, nikataka kuuliza, kisha nikaelewa. Miaka mingi watu walipoingia nyumba ile walisema: paka wa Mama Hamisi. Nilikuwa nimewasafisha paka, nikamwacha yeye wazi, peke yake na harufu yake, mbele ya kila mgeni. Juma hilo Kidoti alirudi nyuma ya pipa la unga, mapacha wakarudi kwenye gunia. Nami nikalifunga daftari.

Kuna siku moja ninayoikumbuka kuliko zote. Wanawake wa kikundi cha maulidi walikuja kumtembelea, kwa kuwa yeye hakwenda kwa mtu; wao walidhani ni maringo ya mwenye nyumba ya bati. Walikaa mkekani wanane, wakala korosho, wakaongea habari za bei na za ndoa ya mtu wa Chiwata. Mama Hamisi alikuwa kwenye kiti chake. Joto lilikuwa kali na milango yote wazi. Katikati ya mazungumzo mmoja wao, mama mnene mwenye sauti, alisita, akavuta hewa puani, akatazama upande wa kiti. Mwingine naye akatazama. Mazungumzo yakafa. Niliona shingo ya Mama Hamisi ikikaza, niliona mikono yake ikiivuta kanga ya juu kufunika mapaja. Paka wote walikuwa nje wanaota jua. Kila mtu aliyekuwa na macho angeweza kuwaona kupitia mlangoni.

Nilinyanyuka, nikasema kwa sauti ya darasani, "Ni Sajenti huyo, tena leo. Mama, paka hawa wamekushinda. Mimi nitahama." Nikachukua kitambaa, nikapiga magoti kando ya kiti, nikasugua sakafu mahali palipolowa, nikiendelea kumtukana paka asiye na hatia. Wale wanawake wakacheka. Mama mnene akasema, "Ungewatia guniani, ukawatupe Ruvuma." Mama Hamisi akasema, "Nitawatupaje, na ndio wanangu?" Wakacheka tena, mazungumzo yakarudi kwa bibi arusi wa Chiwata. Nilipokuwa bado chini, mkono wake ulishuka ukagusa kichwa changu, ukakaa hapo kidogo, kama mtu anayejishikiza asianguke. Hilo ndilo jambo kubwa nililowahi kumfanyia. Kwa miaka mingi nimejiambia lilitosha, na miaka mingine nimejiuliza ni msaada gani ule, kumsaidia mtu kubaki pale pale alipo.

Mwisho wa mwaka nilihamishwa. Aliniaga akiwa ameketi, akanipa kapu la korosho alizobangua mwenyewe, na hatukumtaja Rehema.

Juzi msibani nilikaa na wanawake mkekani sebuleni humo humo. Sakafu sasa ni ya saruji laini na kuta zimepakwa rangi, na hakukuwa na harufu yoyote ila ubani na wali. Mazishi yalikuwa yamekwisha. Zuhura, mtoto wa mdogo wake, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, alikuja akaketi karibu nami na sahani mbili. Nilizunguka sana kabla ya kuuliza. Nilisema, mama alikuwa mzima kiafya? Alinielewa upesi kuliko nilivyotarajia.

"Alitibiwa," alisema. "Miaka minane iliyopita. Alisikia redioni daktari anaeleza, akaniita akaniambia, Zuhura, huyu mtu ananisema mimi. Walimpasua mara mbili. Ya kwanza haikushika. Ya pili ikashika. Daktari alisema angekuja mapema ingekuwa mara moja tu." Alikula kidogo. "Aliporudi alianza kwenda kwa watu. Harusi, misiba, maulidi, kila mahali. Nilikuwa namtafuta nyumbani simpati."

"Na paka?"

"Akabaki nao. Nilimwambia awapunguze, akasema hapana, amewasingizia miaka mingi."

Nilicheka, na machozi yakanitoka, na wanawake wakadhani ni ya msiba tu. Nilipoweza kusema nilimuuliza alisafirije, kwa maana swali la kiti cha basi sijawahi kulisahau, na sijawahi kulipatia jibu.

"Pikapu," alisema Zuhura. "Mume wangu aliazima pikapu. Tulimtandikia turubai na magodoro nyuma, tukakaa naye, akilowa tunabadilisha. Alifurahia upepo."

Nikaweka sahani chini. Shule yetu mwaka ule ilikuwa na pikapu. Ilishuka Mtwara, ilipokuwa hospitali kubwa, kila mwisho wa mwezi kufuata chaki na vyakula, na ilikwenda tupu nyuma. Nilikuwa nikipanda humo mara nyingi, mimi na mwalimu wa hesabu, tukila mabibo njiani. Nilimwambia Zuhura. Nilimwambia sijui kwa nini sikuiwaza, na nikauliza, kama ninavyojiuliza hadi sasa, kwa nini Mama Hamisi naye, aliyeiona ikinishusha mlangoni kwake, hakuniomba.

Zuhura hakuwa na ukali. Alisafisha vidole.

"Alinisimulia habari zako nyingi," alisema. "Lakini mama, angekuombaje? Wewe ulikuwa unazungumzia habari za Rehema."